Kumtafuta Sangara kwa Kufuata Dagaa na Furu: Mwongozo wa Mvuvi wa Burudani katika Ziwa Victoria

Mtu anayeondoka Mwanza alfajiri akiwa na fimbo mbili, sanduku la chambo bandia na mafuta ya kutosha kwa siku moja ana ziwa la takribani kilomita za mraba 68,800 mbele yake, na sehemu kubwa ya maji hayo haina sangara anayestahili kusafiriwa. Kinachopunguza ukubwa huo hadi kufikia eneo linaloweza kuvuliwa kwa asubuhi moja ni chakula cha sangara mwenyewe, yaani samaki wadogo anaowawinda. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuupima wingi wa mawindo hayo, na namna ya kubadilisha uvuvi wako kulingana na kipimo utakachopata.

Niseme mapema kwamba wingi wa dagaa hauleti moja kwa moja wingi wa sangara kwenye ndoano. Dagaa wakiwa wengi, sangara huwa wamekusanyika na kunenepa, lakini pia wameshiba na huchagua. Dagaa wakiwa haba, sangara huhangaika na kukiparamia karibu kila kinachopita, ila huwa wametawanyika na mara nyingi wamekonda. Mvuvi anayetumia mbinu moja katika hali zote mbili atalilaumu ziwa bure.

Hatua ya kwanza: tambua ni mawindo gani unayoyatafuta

Katika ziwa hili neno "samaki wadogo" lina maana zaidi ya moja. Dagaa, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene, ni samaki mwembamba wa rangi ya fedha ambaye kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 4 hadi 6, na kwao ni maji ya wazi. Furu ni jamii kubwa ya samaki wadogo wenye aina nyingi mno, na aina zilizo muhimu zaidi kwa mvuvi wa fimbo ni zile zinazokaa karibu na miamba, visiwa na kingo za matete. Wapo pia uduvi, ambao ndio chakula kikuu cha sangara wachanga, na wapo sangara wadogo wenyewe, kwa kuwa sangara hula watoto wa jamii yake bila kusita.

Historia fupi inasaidia hapa. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na furu wakapungua vibaya katika kipindi hicho hicho. Baada ya furu kuadimika, sangara aligeukia uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe. Tangu miaka ya 1990, kadiri sangara walivyovuliwa na kupungua, baadhi ya aina za furu zilirudi kwa wingi, na sangara naye akarudi kuwala. Kwa hiyo mvuvi mzee atakayekuambia kwamba sangara hula dagaa tu, na mwingine atakayekuambia kwamba hula furu tu, huenda wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa muongo aliouvua zaidi na kwa upande wa ziwa anaoujua.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sangara wa kilo 3 na sangara wa kilo 40 hawali jiko moja. Wa kwanza anaweza kuishi vizuri katika maji ya wazi akifuata makundi ya dagaa, ilhali wa pili hupata faida ndogo kwa kukimbiza samaki wenye urefu wa kidole, na mara nyingi hukaa karibu na mwamba au ukingo wa kina ambako atapata furu, sato na sangara wadogo. Amua kabla ya kuondoka unamtaka yupi, kwa sababu uamuzi huo ndio unaokuelekeza ni mawindo gani uyafuate.

Hatua ya pili: hesabu mwezi na uwaulize wavuvi wa dagaa

Dagaa wakubwa hukaa karibu na sakafu ya ziwa mchana na kupanda juu usiku. Wavuvi huwavuta kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za umeme wa jua, na taa hizo hufanya kazi vizuri pale tu ambapo mwezi haushindani nazo. Ndiyo maana uvuvi wa dagaa huendeshwa katika giza, na mitumbwi mingi hupumzika siku za mbalamwezi.

Hapa ndipo makosa mengi ya kukadiria hutokea. Mtu hupita soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, siku chache baada ya mwezi mpevu, akaona dagaa wabichi ni wachache na bei imepanda, akahitimisha kwamba dagaa wameadimika ziwani. Ukweli ni kwamba dagaa wapo palepale, ila hawajavuliwa. Upande wa Kenya kuna sababu nyingine ya kutoamini bei, kwani uvuvi wa omena hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai kila mwaka. Ukitaka kulinganisha wiki kwa wiki, linganisha giza la mwezi huu na giza la mwezi uliopita, wala usilinganishe giza na mbalamwezi.

Maelezo bora kuliko bei utayapata kwa mvuvi mwenyewe anaporudi asubuhi. Msalimu kwanza, umpe pole na kazi, kisha muulize mambo manne: alitega taa karibu na kisiwa gani, maji yalikuwa na kina gani, alilazimika kuvuta wavu mara ngapi kabla ya kuridhika, na dagaa walikuwa wa ukubwa gani. Jibu la tatu ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Mtumbwi uliojaa baada ya kuvuta mara mbili na mtumbwi uliojaa baada ya kuhangaika hadi alfajiri huleta gunia zilezile mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, lakini vinaeleza habari tofauti kabisa kuhusu wingi wa dagaa. Kuhusu ukubwa, kumbuka kwamba dagaa wachanga hukaa zaidi karibu na pwani na husogea kwenye maji ya wazi kadiri wanavyokua, hivyo shehena ya dagaa wadogo sana inaashiria kwamba taa zilikuwa karibu na ufuko.

Taa zenyewe pia ni msaada kwa mvuvi wa fimbo. Dagaa wakikusanyika chini ya taa, sangara hufuata na kuzunguka chini yao, na taa zinapozimwa kundi huanza kushuka taratibu pamoja na mapambazuko. Kwa maoni yangu saa ya kwanza ya mwanga katika eneo ambalo taa zilikuwa usiku, hasa kama kuna ukingo wa kina au mwamba karibu, inafaa kuliko saa nne za mchana mahali pengine popote. Kaa mbali na nyavu wakati kazi ya wenzako inaendelea. Wao wanatafuta riziki na wewe umekuja kuburudika.

Hatua ya tatu: zingatia upepo na hewa iliyomo majini

Hatua hii wavuvi wengi wa burudani huiruka, nami naona ni kosa kubwa. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huvuruga ziwa na kuyachanganya maji ya juu na ya chini, hivyo oksijeni hufika chini na samaki wanaweza kutumia karibu kina chote. Kuanzia takribani Septemba au Oktoba hadi Aprili au Mei, maji hujipanga kwa matabaka. Maji yenye joto hukaa juu, na yale ya chini, hasa katika vina virefu, hupungukiwa na oksijeni.

Sangara ni samaki anayehitaji oksijeni nyingi. Dagaa huvumilia upungufu wake vizuri zaidi, na kwa hiyo anaweza kujificha katika maji ambamo sangara hawezi kumfuata kwa muda mrefu. Matokeo yake ni kwamba katika miezi ya matabaka unaweza kuona kwenye sona, yaani kifaa cha kutafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, wingu zito la dagaa katika kina cha mita 40, ukashusha chambo hapo tangu asubuhi hadi adhuhuri, usiguswe. Huo ni wingi usio na faida kwako, kwa kuwa upo nje ya uwezo wa mwindaji. Wingi unaopaswa kukuvutia ni ule ulio juu ya tabaka, yaani mpaka kati ya maji ya juu yenye hewa na ya chini yenye hewa haba, au ule uliogusana na mteremko wa mwamba katika maji yenye hewa. Sona nyingi nzuri huonyesha tabaka hilo kama mstari hafifu ulionyooka. Ukiuona, chukulia kwamba uvuvi wako wa siku hiyo unaishia hapo.

Dhoruba kali ikiyapandisha maji ya chini, sangara waliokufa wanaweza kuonekana wakielea. Hali hiyo ikitokea, ondoka eneo hilo utafute ghuba nyingine.

Hatua ya nne: soma uso wa maji kabla ya kusoma kioo cha sona

Ndege aina ya mnandi wanaozama kwa zamu katika mstari mmoja wanafukuza kundi linalosogea, kwa hiyo tazama uelekeo wao na uweke mtumbwi mbele ya msafara, usiwapite katikati. Mdiria mweusi na mweupe anayepepea mahali pamoja mbali na ufuko anaonyesha samaki wadogo walio karibu sana na uso wa maji. Shakwe wanaozunguka bila kushuka hawana habari ya maana bado. Yangeyange waliojipanga kwenye magugu maji yanayoelea wanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa chini ya zulia lile hujificha furu na samaki wachanga, na sangara hupita kwenye ukingo wake wenye kivuli.

Kuna pia yale mawingu ya wadudu wa ziwani ambayo kwa mbali hufanana na moshi unaotoka majini. Wadudu hao huibuka kwa wingi zaidi karibu na mwezi mwandamo, na viluwiluwi vyao ni chakula cha dagaa na cha furu. Wingu la wadudu lililotokea jana jioni upande mmoja wa kisiwa ni sababu nzuri ya kuanzia upande huo leo, ingawa wakikukuta ndani ya mtumbwi utatamani usingekuja.

Ukishafika eneo lenye dalili, washa sona na upunguze mwendo. Tazama umbo la kundi zaidi ya ukubwa wake. Kundi lililotandazwa kama ukungu mwembamba limetulia, na huenda hakuna anayeliwinda kwa wakati huo. Kundi lililojibana kuwa donge lenye kingo kali, hasa likiwa na alama za tao (ndivyo samaki mkubwa anavyoonekana kwenye sona) pembeni au chini yake, linasukumwa na mwindaji. Mimi huliacha kundi kubwa lililotulia na kulifuata dogo lililobanwa.

Hatua ya tano: amua kama uko katika wingi au katika uhaba, kisha vua ipasavyo

Baada ya kukusanya maneno ya wavuvi, dalili za ndege na picha ya sona, fikia uamuzi na uufuate kwa muda wa kutosha.

Katika wingi, chambo chako ni kimoja kati ya maelfu. Kukipitisha katikati ya kundi ni kukipoteza, kwa hiyo kipitishe kwenye ukingo, au mita moja hadi mbili juu ya alama za wawindaji, kwa sababu sangara hupenda kushambulia kitu kilicho juu yake. Punguza mwendo wa mtumbwi hadi takribani kilomita 3 kwa saa unapokokota chambo. Kuhusu ukubwa kuna njia mbili, na inafaa kuzijaribu zote siku hiyohiyo. Ya kwanza ni kukaribia ukubwa wa mawindo kwa kutumia chambo cha sentimita 7 hadi 9 chenye rangi ya fedha, ambacho bado ni kikubwa kuliko dagaa lakini hakimshtui samaki aliyezoea vitu vidogo. Ya pili ni kinyume chake: chambo cha sentimita 15 au zaidi chenye umbo la furu au sangara mdogo, kinachopitishwa polepole chini ya kundi, kwa ajili ya yule mkubwa anayewawinda wawindaji. Njia ya pili huleta saa nyingi za kimya, na mtu asiye na subira asiichague.

Katika wingi pia muda wa kula ni mfupi. Sangara aliyeshiba hula alfajiri na jioni, wakati ambapo mwanga hafifu humpa faida juu ya mawindo yake, kisha hutulia. Ukimkuta amelala chini ya kundi saa tano asubuhi na amekataa chambo vitano, usitafute eneo jingine. Weka alama mahali hapo, nenda kivulini, urudi saa kumi na moja jioni.

Katika uhaba mambo hugeuka. Hakuna kundi la kulizingira, hivyo inakubidi utembee. Kokota chambo kwa kasi ya kilomita 5 hadi 6 kwa saa kando ya miamba, ncha za visiwa na miteremko, ukitumia chambo kikubwa chenye mtikisiko mkali na sauti, kwa kuwa sasa unamtafuta samaki mmoja mmoja ambaye anapaswa kukisikia kabla ya kukiona. Badilisha kina kila baada ya nusu saa. Sehemu za miamba karibu na Ukerewe na visiwa vilivyo magharibi ya Ghuba ya Mwanza hustahimili uhaba wa dagaa vizuri kuliko maji ya wazi, kwa sababu furu wa miamba hawaondoki na upepo. Kwa yule anayetaka maji yasiyosumbuliwa na nyavu, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo huruhusu uvuvi wa burudani kwa kibali, na maji yake ni mazalia yanayojulikana ya samaki.

Onyo moja kuhusu uhaba: samaki wenye njaa hukupa siku nzuri, na siku hizo nzuri zinaweza kukudanganya kwa misimu kadhaa. Katika Ziwa Huron, lililo kati ya Marekani na Kanada, samaki mdogo aitwaye alewife ambaye ndiye aliyekuwa chakula kikuu cha samoni aina ya Chinook alipungua ghafla karibu na miaka ya 2003 na 2004. Samoni walikonda, kisha uvuvi wao wa burudani ukaporomoka, na miji midogo ya pwani iliyoutegemea ikapoteza wageni. Sangara ana unafuu ambao samoni yule hakuwa nao, kwa kuwa anaweza kuhama kutoka dagaa kwenda furu, uduvi au watoto wake mwenyewe, lakini kuhama huko hulipwa kwa unene wake, na ndiyo maana hatua inayofuata ni ya kipimo.

Hatua ya sita: pima unene wa samaki na uangalie alichokula

Hesabu ya unene ni rahisi. Pima urefu wa samaki kwa sentimita, tafuta urefu mara urefu mara urefu, kisha gawanya uzito wa samaki kwa gramu kwa jibu hilo, na uzidishe kwa 100. Sangara wa sentimita 80 mwenye uzito wa kilo 6.4 atakupa 6,400 kugawanya kwa 512,000, mara 100, ambayo ni 1.25. Namba moja peke yake haisemi mengi. Ukiwa na namba za samaki 20 au 30 wa urefu unaokaribiana kutoka eneo lilelile, utaanza kuona zikishuka au kupanda, na mara nyingi zitakueleza mengi zaidi kuhusu chakula cha miezi iliyopita kuliko ndege au sona, ambavyo hueleza ya leo tu. Usilinganishe samaki wa sentimita 50 na wa sentimita 120, wala jike aliyejaa mayai na dume.

Samaki unayemchukua kwa ajili ya kitoweo, mfungue tumbo kabla hujaondoka mwaloni. Andika ulichokuta: dagaa, furu, uduvi, sangara wadogo, au hakuna kitu. Uwe mwangalifu na matumbo matupu, kwani sangara aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu hutokwa na tumbo mdomoni kwa sababu ya hewa iliyovimba mwilini, na chakula chake huweza kumwagika njiani. Tumbo tupu la samaki wa maji mafupi lina maana zaidi. Ukianza kukuta sangara wadogo katika matumbo mengi kuliko dagaa na furu, hiyo ni dalili ya kutosha kwamba mawindo mengine yamepungua mahali hapo.

Hatua ya saba: rudisha samaki kwa njia inayofaa na uweke daftari

Hewa ile ile inayovimba ndiyo inayowaua wengi wanaorudishwa majini. Kama nia yako ni kuvua na kuachia, vua katika maji yasiyozidi takribani mita 10, vunja vichomeo vya ndoano (vile vijiba vinavyoizuia isichomoke), na umshike samaki ndani ya maji hadi atakapojisukuma mwenyewe. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuchukuliwa, na majike wakubwa ndio wanaotaga mayai mengi zaidi, hivyo mwenye busara huwapiga picha na kuwaacha. Kwa masharti mengine ya leseni na ukubwa, muulize afisa uvuvi wa wilaya kabla ya safari, maana kanuni hubadilika na nchi tatu zinazomiliki ziwa hazifanani kwa kila jambo. Usinunue furu wa chambo kutoka kwa wenye makokoro; nyavu hizo zimepigwa marufuku, na huzoa huko pwani samaki wachanga walewale unaowategemea mwaka ujao.

Katika daftari andika tarehe, umri wa mwezi, upepo, mahali, kina, umbo la kundi kwenye sona, maneno ya wavuvi wa dagaa, idadi ya samaki walioshika, saa walizoshika, namba ya unene na yaliyokutwa tumboni. Andika pia siku ulizorudi mikono mitupu, pamoja na kundi ulilolikuta likiwa limetulia siku hiyo, kwa sababu bila siku hizo hutaweza kujua ni wingi wa namna gani unaokuja na sangara na ni upi unaobaki chini ya tabaka.

Kabla ya kuzima taa usiku, angalia mawingu upande wa ziwa. Dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, muda uleule ambao dagaa hupanda na sangara hula, kwa hiyo kama kuna radi inayoonekana saa kumi usiku, subiri hadi ipite, na koti la kujiokolea livaliwe tangu unapoondoka mwaloni.